Butiama mpaka Mwanza kwa miguu, na Mjomba na kirikuu chake

Tangu turudi kila anayenipigia simu anauliza miguu. Miguu ikoje, mlivaa viatu gani, kucha zimetoka? Miguu iko salama jamani, asanteni sana. Ila hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu gari, na mimi nikikaa peke yangu hicho ndo kitu nakifikiria kuliko vyote, gari ya sapoti na mtu aliyekuwa anaiendesha, sababu nimeona kwa macho yangu kwamba safari ya miguu ya siku nyingi inapona au inakufa kutokana na hiyo gari inakaa wapi. Kwahiyo posti hii ni ndefu na nusu yake ni ya Mjomba, mnivumilie.

Kwanza njia. Wengi mnajua ila kwa wadogo zetu niiseme tu. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, mwezi wa kumi mwaka huohuo TANU wakawa na mkutano mkuu Mwanza, na Mwalimu Nyerere akaamua kwenda kwa miguu kutoka kwao Butiama. Rais wa nchi, miaka 45, zaidi ya kilometa 200. Mwaka ule vijana walikuwa wanatembea sehemu nyingi za nchi kuunga mkono Azimio, na yupo kijana aliyefariki njiani kwenye hayo matembezi, Seti Benjamin, jina ambalo sisi tulilijua tangu shule ya msingi. Sisi wote tumekulia kanda ya ziwa, tumesoma pamoja Musoma, hiyo barabara tumeipita mara nyingi mno kwenye basi tukiwa tumelala mdomo wazi, unashtukia uko Buzuruga, Mwanza. Wazo la kuipita kwa miguu lilikuwa linazunguka kwenye grupu letu miaka na miaka, kila mtu anasema "mwakani". Mwaka huu Madam (ni mwalimu, tunamwita hivyo wote) akatuma tu namba ya kuchangia na tarehe, mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa na mvua hakuna. Mtu akishatuma hela imekwisha hiyo.

Tulikuwa mimi, Madam, Sista ambaye ni nesi, Fundi, na Mhasibu. Majina halisi nayaacha, wenyewe wanajijua. Na Mjomba. Mjomba ni mjomba wa damu wa Fundi ila sisi wote tunamwita hivyo, mzee wa miaka sitini na kitu, Msukuma wa Magu, ameendesha malori ya kwenda Kigali na Bujumbura karibu maisha yake yote na sasa hivi ana kirikuu anabebea watu mizigo mjini. Tukamuomba kirikuu na dereva, akasema dereva ni yeye, kirikuu chake hakiendeshwi na mtoto.

Tulikutana Butiama jioni, tukaenda Mwitongo kwenye kaburi la Mwalimu, pale juu kwenye mawe, tukakaa kimya kidogo, Madam akaomba dua fupi. Makumbusho yalikuwa yamefungwa saa hizo, ila nimeshaingia zamani nikiwa mwanafunzi. Sasa usiku ule tukiwa gesti tunapanga mambo, Mhasibu ana karatasi yake imepigwa mistari, kila kilometa ameiandika, na kwenye karatasi gari inatembea nyuma yetu polepole mwanzo mwisho, kama zile tunazoziona kwenye matembezi ya hisani kwenye tivii. Mjomba akaisoma ile karatasi mpaka chini, akaikunja, akairudisha. Akasema, "Wajomba, mkiiona gari mtaipanda. Sisi tulivyokuwa tunaswaga ng'ombe kwenda mnadani, mwenye chakula anatangulia anakaa mbele huko, haongozani na kundi. Mtu akiona chungu anakaa."

Ndo hapo utaratibu wote ukabadilika, na nawaambia ukweli ule ndio uliotufikisha.

Yaani iko hivi. Gari ikiwa nyuma yako inakwenda mwendo wa mtu, kwanza ni hatari, mabasi na michomoko (magari madogo ya abiria) inatoka spidi inakuta kitu kimelala kwenye lami, wanaanza kuovateki kwenye kona. Pili moshi wote unaingia kwako, tatu injini ndogo ile inachemka. Lakini kubwa kuliko yote ni kichwa. Ukijua kiti kiko mita ishirini nyuma yako, kila kilima unakuwa unajadiliana na kile kiti. Sasa Mjomba yeye anaondoka anapotea kabisa, anaenda kilometa tano mbele, anatafuta mti wenye kivuli, anashusha dumu la maji, anatandika turubai, anasubiri. Wewe huku unajua kuna maji mbele lakini hayaji, unayafuata. Asubuhi ambapo miguu ni mipya alikuwa anaenda hata kilometa nane. Mchana jua likikaza anapunguza, nne, tatu, na hakuwa anatuambia, alikuwa anatuangalia tu tulivyofika kituo kilichopita, nani kakaa haraka, nani kavua kiatu, nani kaacha kuongea, basi anapanga mwenyewe kituo kinachofuata.

Siku yenyewe ilikuwa inaanza saa kumi alfajiri. Yeye wa kwanza kuamka, jiko la mkaa, uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu. Shikamoo Mjomba, marahaba wajomba, mmeamkaje na miguu. Saa kumi na moja tuko barabarani na giza bado, upepo wa ziwa mwezi wa saba una baridi asikwambie mtu, tumevaa vizibao vya rifleksa na tochi kichwani, tunatembea upande wa kulia tunatazamana na magari yanayokuja. Hili nalisisitiza sababu watu wengi wanatembea kushoto, gari inawatokea mgongoni. Huku kwetu jua linachelewa kutoka, karibu saa moja ndo linachomoza, kwahiyo mpaka lichomoze tumeshakula kilometa zaidi ya nane kwenye ubaridi. Saa sita tunasimama, tunalala chini ya mti mpaka saa tisa, alafu tunamalizia jioni. Kilometa 30 hivi kwa siku, kuna siku zaidi na kuna siku pungufu, na mtu wa mbele daima ni mwenye mwendo mdogo kuliko wote. Mhasibu alisumbuka sana na hiyo sheria, ana miguu mirefu, lakini ukimwacha mwenye kasi aongoze, ndani ya lisaa limoja kundi limekatika vipande vitatu na hakuna anayejua nani yuko wapi.

Kutoka Butiama unatokea Kiabakari unaingia barabara kubwa ya Musoma kwenda Mwanza. Nchi ile nzuri jamani, mawe yamepandana, miji midogo chini ya mawe, mihogo imeanikwa juu ya miamba mipana pembeni ya barabara inakauka kwa ajili ya udaga. Mchana wa kwanza tulikula ugali wa udaga na samaki kwa mama mmoja barabarani, ugali mweusi, mzito, ule ukila saa saba mpaka usiku hujasikia njaa. Watu wakawa wanatuuliza mnaenda wapi, tunasema Mwanza, wanatutazama kwanza, alafu wanauliza basi limeharibikia wapi. Watoto wa pale wametusindikiza mbali, wengine peku, na wanatembea kuliko sisi. Kuna mzee kavaa katambuga za tairi anaenda kumtazama ng'ombe wake, tumeongozana naye karibu saa nzima, mwendo wake haubadiliki, kilima na tambarare sawasawa, na sisi tuna raba za bei na soksi mbili mbili.

Soksi zenyewe. Sista alituamuru: nyepesi ndani, nzito nje, mafuta ya mgando katikati ya vidole kabla ya kuvaa, na kila kituo unavua unakausha miguu hata kama unajisikia vizuri. Lengelenge linaanza na joto na jasho, ngozi inalainika alafu inasuguliwa. Ukisikia sehemu inawaka simama hapohapo weka plasta, usisubiri kituo. Na maji peke yake hayatoshi, jasho linatoka na chumvi, ukinywa maji matupu siku nzima kichwa kinaanza kuuma na unataka kutapika, kwahiyo kila dumu moja lilikuwa na la pili pembeni lenye ORS, ule unga wa chumvi na sukari, na karanga za chumvi mfukoni.

Sasa sikia kilichotokea, huyohuyo Sista ndo aliumia. Karibu na Bunda kisigino kikafunguka chote, na hakusema. Ni mtu ambaye amezoea kuhudumia watu, akiumwa yeye anaona aibu. Alikuwa anatembea kwa ncha ya mguu, sisi tunamwona na tunaogopa kumwambia. Tulishakubaliana Butiama kwamba hakuna anayemwambia mwenzake "panda gari", na hakuna anayeulizwa kwa nini kapanda, nadhani ni sheria nzuri, lakini pale ilikuwa inatukaba koo. Tukafika kituoni, Mjomba akamwona. Hakugusia mguu hata kidogo. Akasema, "Sista, haya maji yananichanganya, sijui nani kanywa nini, naomba kesho nikae na wewe hapa mbele unisaidie kupima, mbele huko hakuna duka." Sista akamtazama muda mrefu. Akasema sawa Mjomba.

Kesho yake kapanda kirikuu. Na kweli kapima maji, kaandika kwenye daftari, kila tukisimama anampa kila mtu kikombe chake na anakagua miguu yetu mmoja mmoja. Siku iliyofuata akarudi barabarani na bandeji yake, na akatembea mpaka mwisho.

Hapo palizuka mjadala ambao haujaisha mpaka leo, na msimamo wangu nauandika. Mhasibu alisema kwa upole tu, sio kwa ubaya, kwamba kihesabu Sista hajatembea Butiama mpaka Mwanza, kuna kipande kinapungua, na kama anataka tunaweza siku moja kumrudisha akimalizie. Madam akawaka. Mimi niko na Madam. Sista katembea. Ile siku aliyokaa kwenye gari sisi wengine tumevuka sababu yeye alikuwa kwenye gari na maji na plasta zetu, na ni siku ile ya hifadhi ambayo ndo ngumu kuliko zote. Kama kuna kilometa ambazo ni za kundi zima basi ni zile.

Nieleze ya hifadhi maana ndio wengi wataogopa. Ukitoka Bunda kwenda Lamadi, Serengeti inakuja mpaka barabarani. Ile kona ya magharibi ya hifadhi inanyooka kuelekea ziwani, mito ya Grumeti na Mbalageti inakatiza chini ya barabara kwenda kumwaga Ghuba ya Speke, na geti la Ndabaka liko palepale kwenye lami. Upande wa ziwani ndo kuna Nyatwali, eneo ambalo serikali iliamua liingie hifadhini ili wanyama wafike kwenye maji na watu wakahamishwa. Kwahiyo hapo hauko kwenye utalii, uko kwenye barabara ya umma lakini mwenyeji ni mnyama.

Tulishapita kuongea na askari wa hifadhi kabla, wakatushauri vizuri kabisa: msipite alfajiri wala jioni, subirini jua lipande, tembeeni pamoja msiachane, gari iwe karibu, tembo wanakatiza barabara saa za giza na pambazuko. Basi siku hiyo sheria ya Mjomba ikageuka. Gari ikaja nyuma yetu mita hamsini, pembeni kabisa ya lami, hazadi zinawaka, kitanda cha nyuma kimeachwa wazi hakuna mzigo, na kabla ya kuanza Mjomba akatufanyisha zoezi: akipiga mkono mlangoni mara mbili wote juu, bila kukimbia, bila kupiga kelele, mwenye begi analiacha. Tukarudia mpaka akaridhika. Na honi marufuku, akasema tembo haogopi honi, anaichukia.

Nimepita hapo kwenye basi maisha yangu yote na sikuwahi kujua hiyo sehemu ina harufu. Majani makavu, vumbi, kinyesi cha wanyama, na upepo wa ziwa unaingia na harufu ya samaki kwa mbali. Pundamilia walikuwa wengi, wanasimama wanakutazama mtu wa miguu kwa namna ambayo hawalitazami gari. Nyani wamekaa pembeni ya lami wanasubiri watu wa mabasi watupe maganda ya ndizi, na hilo jamani tuache, tunawazoesha barabara na barabara inawaua. Kinyesi cha tembo kibichi katikati ya barabara, Fundi akakifungua na kijiti, ndani mbegu za migunga nzima nzima. Hakuna aliyeongea sana. Hata Mhasibu mwendo wake ulishuka wenyewe.

Tembo tuliwaona. Walikuwa mbali upande wa ziwani, kundi la majike na watoto, wamesimama tu. Mjomba akapiga mlango mara mbili, tukapanda, tukakaa kimya, injini imezimwa. Wakakaa vile, na sisi tukakaa vile. Kuna baba mmoja na baiskeli amepakia mkaa akatufikia, akasimama nyuma ya kirikuu naye akasubiri, wala hakushangaa, akasema jana walikuwa upande ule mwingine. Huyo baba hana gari ya sapoti, anapita hapo kila wiki kutafuta ada ya watoto. Tembo wakaondoka zao kuelekea kwenye maji, tukashuka, tukaendelea palepale tulipopandia, Mjomba alikuwa ameweka jiwe pembeni ya lami kuonyesha, asije mtu akasema tumeibia hata hatua moja.

Lamadi tulifika mchana umeshaenda, kelele, vumbi, mabasi ya Bariadi yanapinda, watu wanauza dagaa na matikiti, na mimi sijawahi kufurahia kelele kama siku ile.

Kutoka hapo uko Usukumani na kila kitu kinabadilika. Salamu inakuwa mwangaluka, na huwezi kupita mtu bila kuitikia, na ukiitikia anataka kujua umetoka wapi, kwahiyo mwendo unapungua lakini hautamani kuharakisha. Ardhi tambarare, majaruba ya mpunga yameshavunwa, ng'ombe wanakula mabua, malori yamejaza pamba mpaka inaning'inia kwenye miti ya barabarani vipande vyeupe. Ziwa unaliona upande wa kulia linakuja na kuondoka. Michembe ndo ilikuwa chakula chetu cha njiani kuanzia hapo, viazi vimekatwa vikakaushwa, unapika kidogo na karanga, vyepesi kubeba na vinakaa tumboni. Matobolwa nayo, yale ya viazi vilivyochemshwa kwanza ndo vikakaushwa, ila mimi ni mtu wa michembe.

Maeneo ya Nassa kuna mzee tulimkuta kakaa nje ya nyumba yake, akatuita tukae. Tukamweleza safari. Akasema alikuwa mtoto wa shule Nyerere alipopita, walitolewa darasani wakapangwa barabarani tangu asubuhi, barabara ya vumbi wakati huo, wakaimba mpaka sauti zikakauka, na alipofika walichoona wao watoto ni vumbi na watu wazima wanakimbia. Akacheka. Alafu akauliza, nyie chakula mnabeba wapi? Madam akamwambia kuna mzee ametutangulia na gari. "Na huyo anayewatangulia anakula saa ngapi?" Madam akasema anakula wa mwisho, akishahakikisha wote tumekula. Mzee akanyanyuka mwenyewe akaingia ndani, akatoka na mfuko wa michembe na kuku aliyefungwa miguu, akasema hivi ni vya yule wa mbele, nyie mtavibeba tu. Mhasibu kabeba yule kuku kilometa nne. Mjomba alipopokea, akauliza vimetoka kwa nani, na alipoambiwa akageuza gari akarudi kwenda kumshukuru ana kwa ana. Tulikaa chini ya mti zaidi ya lisaa tukimsubiri, na hakuna aliyelalamika.

Hapo chini ya mti ndo tukaanza kuongelea misafara ya zamani. Hiyo ghuba yote iliyokuwa mbele yetu inaitwa Speke, Mwingereza aliyefika Mwanza Agosti 1858 kwa miguu kutoka Kaze, yaani Tabora. Fundi akauliza, alikuja na nani? Maana hakuja peke yake. Alikuja na wapagazi waliobeba kila kitu, na alikuwa naye Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa India, akarudi akawa kiongozi wa misafara, huyohuyo baadaye akatembea na Stanley, na akaja kutembea na Cameron, wasafiri wengine wa Kizungu, kutoka pwani hii mpaka bahari ya upande mwingine wa Afrika. Mtu ambaye huenda katembea bara hili kuliko wote hao. Ziwa lina jina la malkia, ghuba ina jina la Speke, na sijaona popote mwambao ule hata mtaa wa Bombay. Mimi hilo linaniuma, na nikiwa mule barabarani liliniuma zaidi, sababu nilishaona mtu anayetangulia anafanya kazi gani.

Magu tulipokelewa na ndugu zake Mjomba, na usiku ule yeye ndo alikaa kwenye kiti na sisi tukahudumia. Mto Simiyu tulivuka kwenye daraja la zamani, jembamba, mtu wa miguu hana pa kukaa lori likiingia, kwahiyo hapo tena gari ilikuja nyuma ikatuwekea kizuizi, tukavuka mstari mmoja haraka. Vipande hivyo viwili, hifadhini na darajani, ndo pekee alipotukaribia.

Kisesa tukapinda kidogo kwenda Bujora, makumbusho ya Wasukuma, ngoma kubwa kubwa za watemi, na kijana wa pale akatueleza ya Bagika na Bagalu, vile vikundi viwili vya ngoma vya Wasukuma, na mashindano yao, ningekaa siku nzima ila miguu ilikuwa inadai kuendelea. Alafu mji. Igoma, Nyakato, Buzuruga, Mabatini, hicho kipande sitaki kukisifia. Bodaboda, bajaji, mabomba ya moshi, hakuna pa kupita, kila mita kumi meza ya biashara iko njiani, na Mjomba hana pa kusimama, akisimama tu anafukuzwa. Kwa mara ya kwanza hatukujua yuko wapi. Simu yake haikupokelewa sababu anaendesha. Tumetembea hicho kipande chote bila maji yetu, tukanunua ya dukani, na nilisikia upweke ambao hata kule kwenye tembo sikuusikia.

Tulimkuta Kamanga, karibu na kivuko, pale unapoliona jiwe la Bismarck, kashapaki, katandika turubai lilelile kwenye kipande cha saruji, dumu limeshushwa, vikombe vimepangwa kwa mpangilio wa Sista. Tukakumbatiana sana. Fundi alilia, na Fundi ni mtu ambaye njia nzima huenda kaongea maneno ya kujaza ukurasa mmoja tu. Tukala sato wa kukaanga mpaka mwenye genge akaongeza mafuta.

Kwa wanaotaka kufanya: michango yetu iliingia zaidi kwenye chakula na gesti kuliko mafuta, kirikuu kinakunywa kidogo na kilikuwa kinatembea mwendo uleule wetu kwa siku, tofauti ni kwamba kinatembea kwa vipande. Nendeni kiangazi. Toeni taarifa kwa watendaji na polisi njiani, hasa mkiwa kundi, watu wakijua mnapita wanawasaidia. Mlipeni dereva, hata kama ni ndugu, na mlipe kabla ya safari sio baada, Mjomba alikataa mara ya kwanza tukampa mke wake.

Mwakani tunaongelea njia ya misafara, kuanzia Bagamoyo kuingia bara, mpaka wapi bado tunabishana. Ila kuna tatizo moja. Juzi Mjomba kapiga simu, kamwambia Fundi kwamba safari hii na yeye anatembea, kashanunua raba, asubuhi anazunguka Capri Point kujizoesha. Kirikuu atatuazima. Kwahiyo tunatafuta dereva. Awe na leseni, ajue kukaa kilometa tano mbele na asichoke kusubiri, aweze kuwasha jiko saa kumi alfajiri, na akimwona mtu anachechemea ajue cha kusema. Ukimjua mtu wa hivyo nitafute, tena mapema, sababu Mjomba anataka kumfundisha mwenyewe.